Tarumbeta Tatu, Watoto Kumi na Wawili: Namna ya Kutunza Chombo Tunachotumia Pamoja

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wazazi, wawakilishi wa familia zilizohama na vijana wa fanfari, katika kartie Murara, mjini Goma. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha kazi ya siku ili kufika hapa. Kuna mama aliyeacha meza yake sokoni, kuna baba aliyeacha chukudu yake mlangoni. Pengine mmejiuliza: watu hawa wa shirika wametuita kuzungumza juu ya tarumbeta, wakati sisi tunatafuta unga na pesa ya nyumba? Swali hilo ni la haki. Tunaomba mtupe nafasi ya kulijibu.

Fanfari yetu ina tarumbeta tatu, ngoma mbili na watoto kumi na wawili wanaojifunza tarumbeta. Nusu yao walizaliwa hapa Murara. Nusu nyingine walikuja na wazazi wao kutoka vijijini. Wengi wao walipita kwanza katika kambi zilizokuwa pembeni ya mji. Kambi hizo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingine zilirudi kwao, nyingine zikabaki mjini kwa ndugu na marafiki. Watoto wanne wanashika tarumbeta moja, kila mmoja kwa zamu yake. Basi mkiona chombo hiki, msione shaba tu. Ni kitu cha kwanza ambacho watoto hawa wanakimiliki pamoja.

Na kitu cha pamoja kinaweza kuleta amani, kinaweza pia kuleta ugomvi. Kwetu kimeleta vyote viwili.

KOSA LETU

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana asiyekubali kosa lake hawezi kufundisha wengine.

Katika miezi ya kwanza tuliwapa watoto tarumbeta, tukawafundisha namna ya kupuliza. Hatukuwafundisha namna ya kutunza. Siku moja tarumbeta ya pili ilikwama. Pistoni ya katikati ilishuka na haikupanda tena. Mtoto wa mwisho aliyeishika alikuwa kijana wa familia iliyohama. Kabla ya jua kuzama, maneno yalikuwa yamefika kila mlango wa avenue: "Wale wa kambi wameharibu chombo cha watoto wetu." Upande wa pili wakajibu: "Walitupa chombo kibovu makusudi ili watuaibishe." Wazazi wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi kwenye bomba la maji wakaacha kusalimiana. Watoto watano hawakuja mazoezini juma lile.

Tulimwita mzee mmoja aliyepiga tarumbeta katika fanfari ya kanisa kwa miaka mingi. Aliweka kitambaa mezani, akaifungua tarumbeta mbele ya wazazi wote. Ndani ya pistoni tuliona vitu viwili. Cha kwanza, mafuta ya mawese yaliyoganda kama gundi. Cha pili, vumbi jeusi la mawe ya volkano. Mtoto mwingine, wa hapa hapa Murara, akaanza kulia. Alisema ni yeye aliyetia mawese siku tatu kabla, kwa sababu pistoni ilikuwa nzito na alitaka kuisaidia. Hakuna aliyeharibu makusudi. Aliyekosa ni sisi, ambao hatukumwambia mtoto ni mafuta gani yanayofaa.

Tuliomba msamaha kwa familia ya yule kijana aliyesingiziwa. Baba yake alitusamehe. Lakini kijana mwenyewe alikaa majuma mengi bila kuja, na baadaye familia ilihama tena. Hatukuweza kumrudishia nafasi yake. Hilo linatuuma hadi leo, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

TARUMBETA IMETOKA WAPI KWETU

Tarumbeta si mgeni katika nchi zetu. Kwenye pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1890, vijana Waswahili walianza ngoma ya beni, wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ngoma hiyo ilienea Tanganyika, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia iliingia mpaka Kongo. Kwetu, Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kinshasa mwaka 1934, na fanfari ni sehemu ya ibada yao. Kanisa la Kimbangu nalo linajulikana kwa fanfari yake kubwa.

Lakini tusijidanganye. Beni ilikuwa na vikundi vilivyoshindana, kama Marini na Arinoti, na mashindano yale yaligawanya watu wa mji mmoja. Na mwezi wa Oktoba 1960, Louis Armstrong, Mmarekani mpiga tarumbeta aliyejulikana duniani kote, alikuja kupiga Kinshasa, wakati nchi ilikuwa katika mgogoro mkubwa. Watu walimpokea kwa shangwe. Hata hivyo, miezi mitatu baadaye, Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa. Tarumbeta peke yake haizuii vita. Kinacholeta amani ni watu wanaokubaliana jinsi ya kuishi pamoja. Tarumbeta inatupa tu mahali pa kuanzia.

TUJUE CHOMBO CHENYEWE

Tarumbeta imetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Madini hayo mawili yanatoka pia katika nchi yetu, kwa mfano kwenye mgodi wa Kipushi huko Katanga. Ukilinyoosha bomba lake lote, linapata karibu mita moja na nusu.

Ina sehemu nne za kukumbuka:

1. Kipulizio, ambacho vijana wetu wanakiita ambushuri. Hapo ndipo midomo inapogusa.
2. Pistoni tatu, zinazobonyezwa kwa vidole. Zinapitisha pumzi kwenye njia ndefu au fupi, ndipo sauti inabadilika.
3. Mabomba ya kuvuta, yanayoitwa kulisi. Yanasaidia kurekebisha sauti, na kwenye kulisi kubwa kuna kitufe kidogo cha kutolea maji.
4. Mdomo mpana wa mbele, unakotokea mlio.

Kati ya pistoni na nyumba yake, nafasi ni ndogo sana, hata unywele hauna pa kupita. Kwa hiyo punje moja ya vumbi inatosha kukwaruza. Na sisi wa Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji huu, na ile ya Mei 2021 ilifika ukingoni mwake. Vumbi lake jeusi ni kali kama msasa. Linaingia kwenye macho, kwenye chakula, na kwenye pistoni pia.

KAZI YA KILA SIKU

Mwenye chukudu hangoji gurudumu ling'oke ndipo atie grisi. Na tarumbeta ni hivyo hivyo. Kila siku ya mazoezi tunafanya haya:

Kabla ya kupiga, mtoto ananawa mikono kwa sabuni na kusukutua kinywa kwa maji safi. Aliyekunywa Fanta au kutafuna muwa akapuliza mara moja, anaingiza sukari ndani ya bomba. Sukari inanata, uchafu unashika juu yake.

Kisha anatazama pistoni. Kama ni nzito, anafungua kifuniko cha juu cha pistoni moja tu, anaivuta taratibu, anaipangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, anatia matone matatu mpaka matano ya mafuta ya pistoni, anairudisha. Akimaliza ya kwanza ndipo anakwenda ya pili. Kila pistoni ina namba yake, 1, 2 au 3, na namba 1 ndiyo iliyo karibu na mpigaji. Mara nyingi namba hutazama upande wa kipulizio. Ukiirudisha, izungushe kidogo mpaka usikie imeshika mahali pake. Ukipuliza na pumzi ikagoma kupita, usilazimishe. Karibu kila mara ni pistoni iliyokaa vibaya au iliyowekwa katika nyumba ya mwenzake.

Baada ya kupiga, anabonyeza kitufe cha maji na kupuliza bila sauti mpaka maji yote yatoke. Maji hayo ni mvuke wa pumzi pamoja na mate. Yakilala ndani kila usiku, yanakula shaba polepole kutoka ndani. Ukiona madoa mekundu kwenye bomba linalofuata kipulizio, ujue zinki imeanza kutoka na bomba limeanza kuoza. Mwisho anapangusa nje kwa kitambaa laini, maana jasho la mikono nalo linaharibu rangi.

MAFUTA GANI?

Hili tunalirudia kwa sababu ndilo lililotugharimu. Mawese, hapana. Mafuta ya kupikia ya aina yoyote, hapana. Yanaganda. Mafuta ya cherehani ni mazito mno kwa pistoni. Mafuta ya gari, hapana kabisa. Pistoni inataka mafuta yake maalumu, mepesi kama maji. Chupa moja ndogo ikitumiwa kwa matone inadumu muda mrefu. Kwa hiyo chupa inakaa kwa mtunzaji, haizunguki mifukoni.

Kwa kulisi ni kinyume. Kulisi inataka kitu kizito. Kama grisi yake haipo, vazelini safi isiyo na manukato inasaidia. Paka kidogo, zungusha, pangusa inayozidi. Na ukivuta kulisi, bonyeza kwanza pistoni yake, ili hewa ipite na bomba lisivutwe kwa nguvu.

KILA JUMA: KIPULIZIO

Wazazi, hapa tunaomba masikio yote mawili. Watoto wanne wakitumia kipulizio kimoja bila kukiosha, wanagawana kila kitu: mafua, vidonda vya midomo, na magonjwa mengine makubwa. Mji huu umeona Ebola mwaka 2019, ukaona korona, na mwaka 2024 ukaona mpox. Hatuna sababu ya kufanya mchezo.

Sheria yetu ni hii: kila mtoto awe na kipulizio chake, akitunze kwenye soksi safi au mfuko mdogo wa kitambaa. Tarumbeta inazunguka, kipulizio hakizunguki. Pale ambapo bado hakuna vya kutosha, kipulizio kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kati ya mtoto na mtoto, kinasuuzwa na kukaushwa. Mtoto mwenye kidonda mdomoni, kikohozi kisichoisha, homa au vipele hapulizi. Anakwenda kituo cha afya, na zamu yake inamngoja. Hapotezi nafasi kwa kusema kweli.

Msitumie javeli kali juu ya kipulizio au tarumbeta. Inakula chuma na inaweza kuchoma midomo ya mtoto. Sabuni na maji vinatosha.

KILA MWEZI: KUOGESHA TARUMBETA

Mara moja kwa mwezi tarumbeta inaogeshwa. Tunafanya kazi hii pamoja, watoto wanne wa chombo kimoja, na mtu mzima akiwa karibu.

Tandika kitambaa mezani. Toa kulisi zote na pistoni zote, uzipange kwa utaratibu wa 1, 2, 3. Fungua vifuniko vya chini. Weka nguo kuukuu ndani ya basini ili shaba isigongane na chini, kisha mimina maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Maji yasiwe ya moto, yanabandua rangi ya juu. Acha bomba lilowe kwa muda, kisha pitisha brashi laini inayojipinda. Usitumie waya wala kijiti: waya unakwaruza, kijiti kinakatikia ndani. Pistoni osha sehemu ya chini tu, maana juu kuna vipande vya kitambaa kizito ambavyo havitaki maji. Suuza kwa maji safi, kausha, paka kulisi vazelini, tia pistoni mafuta, rudisha kila kitu mahali pake.

Tunajua maji katika mji huu yanabebwa kwa bidoni na yana bei. Bidoni moja inatosha kwa tarumbeta tatu ukianza na iliyo safi zaidi, na maji yanayobaki yanaosha sakafu.

MAMBO YA KUKATAZA

Usiache tarumbeta juu ya kiti wala kuisimamisha juu ya mawe. Kulisi ndogo ya pili imejitokeza pembeni. Ikigongwa, inasukuma nyumba ya pistoni ya katikati, na pistoni inakwama. Mkunjo kwenye mdomo mpana mara nyingi unaharibu sura tu, lakini mgongo mdogo pale katikati unaweza kuzuia kupiga kabisa.

Usiiweke karibu na mbabula. Kama sanduku lake limepotea, shona mfuko kutoka kwenye blanketi kuukuu.

Usipige kipulizio kwa kiganja kukiingiza. Kiweke kwa kukizungusha kidogo. Kikikwama, usitumie koleo, na watu wawili wasivutane nacho, bomba litapinda. Kuna chombo maalumu cha kukitoa. Tungoje mwenye nacho.

Na mkunjo usinyooshwe kwa nyundo nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini ufa huu una fundi wake.

KUTUNZA MAJIRANI

Kuna utunzaji mwingine ambao hauhitaji mafuta. Watu wengi wa avenue hii wamesikia mabomu. Mlio mkali wa ghafla unaamsha kumbukumbu. Mama mmoja alituambia kwamba siku ya kwanza aliposikia tarumbeta alikusanya watoto na kuingia chini ya kitanda. Hatukumcheka. Tangu siku hiyo tumekubaliana hivi: shefu wa avenue anajua siku na saa za mazoezi, tunapiga mchana, tunamaliza kabla ya saa kumi na moja, hatupigi milio ya kijeshi, hatutembei kwa mistari barabarani, na penye matanga karibu, tunanyamaza, isipokuwa familia yenyewe ituombe kupiga.

DAFTARI NA FUNGUO MBILI

Tangu kosa letu, kila tarumbeta ina daftari. Anayeichukua anaandika jina, siku, na hali aliyoikuta: "pistoni nyepesi", "kulisi ya tatu ngumu". Anayeirudisha anaandika vile vile. Mtoto ambaye hajui kuandika anasaidiwa na mwenzake. Daftari si la kumkamata mtu. Ni la kutuambia ukweli kabla ya midomo kuanza kazi.

Sanduku kubwa lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mzazi wa hapa Murara, mwingine kwa mzazi wa familia iliyohama. Hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake. Mwanzoni watu walisema tunawasumbua. Sasa wale wazazi wawili wanakutana mara tatu kwa juma, hata siku ambayo hawakuwa na sababu nyingine ya kuonana.

Na kitu kikiharibika, tumekubaliana hatua nne: kwanza, hakuna anayetaja jina. Pili, chombo kinafunguliwa mezani mbele ya pande zote mbili. Tatu, tunasoma daftari. Nne, tunauliza "nini kilitokea?" kabla ya "nani alifanya?"

Viongozi wetu, mnaona kwamba hatua hizo hazihusu tarumbeta peke yake. Bomba la maji likivunjika, choo kikijaa, mbuzi akipotea, mara ngapi tunaanza na jina la kabila au la kijiji kabla ya kutazama kitu chenyewe? Mtoto aliyezoea kufungua pistoni na kukuta vumbi pale ambapo alidhani kuna adui, amejifunza kitu ambacho sisi wakubwa tumechelewa kujifunza.

TUNACHOWAOMBA

Wazazi: mpeni mtoto kitambaa kimoja safi na soksi moja. Mtazameni anaposafisha, hata dakika tano.

Viongozi wa avenue: mlinde saa za mazoezi, na mkisikia uvumi juu ya fanfari, mtuite siku ile ile.

Wawakilishi wa familia zilizohama: familia ikilazimika kuondoka, mtuambie mapema mkiweza. Mtoto akiondoka anabeba kipulizio chake. Ni chake. Atakapofika mahali penye tarumbeta nyingine, atakuwa na pa kuanzia.

Vijana: msione haya kusema "nimekosea". Yule mwenzenu aliyelia mbele ya watu wazima kwa sababu ya mawese ndiye leo anayetunza chupa ya mafuta. Haijawahi kumwagika.

 

Maswali ya kuzungumza pamoja katika familia au kikundi:

1. Ni vitu gani tunavyotumia pamoja na majirani? Nani anavitunza?
2. Kitu cha pamoja kilipoharibika mara ya mwisho, tulianza na swali gani: "nini" au "nani"?
3. Kuna mtu tuliyemsingizia na bado hatujamwomba msamaha?